Mikebe Miwili ya Maziwa



Ukilifungua Agano la Kale, kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32, utamkuta mfungwa akinunua shamba. Mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, njaa imeingia majumbani, naye Yeremia amefungiwa katika uwanja wa walinzi kwa sababu ya maneno aliyoyasema. Hata hivyo anapima fedha, anatia sahihi yake, anawaweka mashahidi, kisha anamwagiza Baruku azitie zile hati katika chombo cha udongo, zipate kudumu. Nilikisoma kisa hicho miaka mingi bila kukitafakari. Mtu kutia karatasi zake chunguni, ni jambo gani kubwa hilo? Nilianza kukielewa siku niliposoma habari za mikebe miwili ya maziwa iliyofukuliwa katika mji wa Warsaw, nchini Polandi, tarehe 1 Desemba 1950.

Mikebe ya namna hiyo waijua. Sisi tuliokulia penye ng'ombe wa gredi tumeiona alfajiri imepangwa kando ya barabara, ikingojea lori: mirefu, ya chuma, yenye vishikio viwili na kifuniko kizito. Hiyo ya Warsaw ilikutwa na wajenzi waliokuwa wakichimba mahali palipokuwa na shule zamani, katika barabara iitwayo Nowolipki. Wala haikuwa na maziwa. Ilijaa karatasi zilizoandikwa kwa mkono na kwa mashine, nyingi zikiwa za watu waliokuwa wamekwisha kufa.

Jeshi la Hitler liliingia Polandi tarehe 1 Septemba 1939. Wakati huo Warsaw ulikuwa na Wayahudi wapata 375,000, karibu theluthi moja ya watu wote wa mji: mafundi wa kushona, wachukuzi, wauza vitabu, madaktari, walimu, wachache matajiri na wengi maskini. Kabla ya mwaka huo kwisha waliamriwa kuvaa kitambaa cheupe mkononi chenye nyota ya buluu. Redio zilichukuliwa. Shule zao zilifungwa. Mwezi wa Oktoba 1940 wakaambiwa wahamie wote katika sehemu moja ya mji, na tarehe 16 Novemba sehemu hiyo ikafungwa kwa ukuta wenye kimo cha mita 3 hivi, juu umepandwa vipande vya chupa na seng'enge. Sehemu hiyo ndiyo iliyoitwa geto. Katika eneo lisilofika kilomita 4 za mraba walisongamanishwa watu zaidi ya 400,000, maana wengine waliletwa kutoka vijiji na miji ya jirani. Ni kama kuwachukua watu wa mji mzima mkubwa kama Kisumu na kuwatia katika mitaa michache, chumba kimoja watu 7 au zaidi, kisha kufunga mlango.

Njaa ilikuwa silaha. Mwaka 1941 chakula ambacho Myahudi aliruhusiwa kupata kwa kadi hakikufikia hata sehemu ya kumi ya mahitaji ya mtu mzima. Waliobaki hai waliishi kwa magendo, na wachuuzi wakubwa wa magendo hayo walikuwa watoto. Mtoto wa miaka 7 au 8 ndiye awezaye kupenya katika tundu la ukuta au mfereji wa maji, akaenda upande wa pili, akarudi na viazi ndani ya shati. Toka Oktoba 1941 aliyekamatwa nje bila ruhusa adhabu yake ilikuwa kifo, na aliyempa hifadhi vilevile. Kukaja na homa iletwayo na chawa, kwa kuwa hapakuwa na sabuni wala makaa ya kuchemshia maji. Maiti walilazwa kando ya barabara, wamefunikwa magazeti, hata mkokoteni upite. Kufikia katikati ya mwaka 1942 watu wapata 83,000 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, kabla hata treni ya kwanza haijaja.

Hapa nataka kuwataja madaktari wa Kiyahudi wa geto. Walikuwa hawana dawa wala chakula cha kuwapa wagonjwa, nao wenyewe walikuwa na njaa. Basi chini ya uongozi wa Daktari Israel Milejkowski waliamua kuichunguza njaa yenyewe. Waliwapima wagonjwa damu, moyo, macho na uzito, wakaandika kwa utaratibu jinsi mwili unavyojila wenyewe hata ukazima. Maandishi hayo yalitoroshwa nje ya ukuta, yakapigwa chapa mwaka 1946, na madaktari wa lishe wameyatumia tangu hapo. Wengi wa walioyaandika hawakukiona kitabu hicho.

Sasa turudi kwenye mikebe. Palikuwa na mwalimu wa historia aitwaye Emanuel Ringelblum, aliyezaliwa mwaka 1900. Mwezi wa Agosti 1939 alikuwa Geneva, katika Uswisi, kwenye mkutano wa Wayahudi wa nchi nyingi. Vita vilikuwa vimekaribia, na kila mtu aliona. Wengine walitafuta njia za kukimbilia mbali. Ringelblum alipanda treni akarudi Warsaw, kwenye mkewe Yehudit na mwana wao mdogo Uri, na kwa watu wake. Humo mjini alifanya kazi ya misaada: vyakula vya maskini, wakimbizi, mayatima. Na kwa kuwa alikutana na kila aina ya mtu mwenye shida, alianza kuandika usiku aliyoyasikia mchana.

Mwezi wa Novemba 1940, geto lilipofungwa, aliwakusanya wenzake. Walikutana kwa siri Jumamosi alasiri, na kwa sababu hiyo wakajiita kwa lugha yao Oyneg Shabes, maana yake Furaha ya Sabato. Adui angesikia jina hilo angedhani ni kikundi cha kunywa chai na kuimba. Kwa jumla walipata kuwa kama watu 60: walimu, waandishi, rabi mmoja aliyekusanya habari za ibada, wataalamu wa uchumi, vijana wa kunakili. Kazi yao ilikuwa kuandika kila jambo. Waliwauliza wakimbizi habari za vijiji vyao. Waliwaandikisha watoto insha. Waliweka kadi za mkate, tikiti za tramu, karatasi za peremende, matangazo ya michezo ya kuigiza, hata kile kikaratasi cha mlangoni kinachomweleza mgeni abonyeze kengele mara ngapi ili atoke mpangaji fulani, kwa sababu nyumba moja ilikuwa na jamaa kumi.

Wengine watacheka. Watu wanakufa, ninyi mwaokota karatasi za peremende! Lakini Ringelblum alijua kwamba adui akishinda, ni adui atakayeandika habari zao, naye atasema walikuwa takataka. Mtu hawezi kuitwa takataka mbele ya insha ya mtoto wake.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hawakujisafisha. Ni rahisi kwa mtu aliyeonewa kuandika ubaya wa mwenye kumwonea, na kunyamazia wa kwake. Hawa waliandika juu ya polisi wa Kiyahudi waliokula rushwa na kuwakamata ndugu zao. Waliandika juu ya matajiri waliokula nyama hotelini huku mtoto amekufa mlangoni. Tena waliandika pale Mpolandi au hata Mjerumani alipotenda wema. Rachel Auerbach, aliyesimamia jiko la supu katika barabara ya Leszno, aliandika kwa uchungu kwamba supu yake haikumwokoa mtu, ilimchelewesha tu kufa. Fikiria mwanamke asimamaye na upawa kila siku mbele ya foleni ya watu elfu na zaidi, kisha anakwenda kuandika sentensi kama hiyo juu ya kazi yake mwenyewe.

Na kwa kuwa wasikilizaji wengi wa kipindi hiki ni wahubiri, nitaongeza habari za rabi Kalonymus Kalman Shapira. Mwanawe wa pekee alikufa kwa majeraha ya mabomu mwezi wa Septemba 1939. Pamoja na hayo aliendelea kuhubiri Sabato baada ya Sabato mbele ya watu wenye njaa, na baada ya Sabato kwisha aliyaandika mahubiri yake. Katika moja aliwaambia watu kwamba mateso yao yalifanana na mateso ya baba zao wa kale. Mwishoni mwa mwaka 1942, wengi wa waliomsikiliza wakiwa wamekwisha kuuawa, aliyasoma tena maneno hayo, akaandika pembeni kwamba hayakuwa kweli tena: jambo lililowapata halikuwa na mfano katika siku zote zilizopita. Ni wahubiri wangapi wamewahi kurudi kwenye mahubiri yao na kuandika pembeni kwamba hapa nilikosea? Mahubiri hayo yalikuwa ndani ya mikebe. Mwenyewe aliuawa Novemba 1943.

Mwezi wa Januari 1942 kijana mmoja alifika Warsaw kutoka magharibi. Alikuwa ametoroka mahali paitwapo Chełmno. Huko alilazimishwa kuchimba makaburi, na alieleza kwamba watu huingizwa katika malori yaliyofungwa, moshi wa injini huelekezwa ndani, na lori lifikapo msituni wote wamekufa. Hersz Wasser, karani wa kile kikundi, na mkewe Bluma, waliyaandika maneno yake yote. Kisha wakampeleka mji mwingine, Zamość, wakidhani ni salama zaidi, na huko akakamatwa mwezi wa Aprili akapelekwa kuuawa Bełżec. Maandishi yake lakini yalitembea. Kwa mikono ya Wapolandi waliofanya kazi kwa siri, taarifa za kikundi hicho zilivuka mipaka hata London, na tarehe 26 Juni 1942 redio ya BBC ilitangaza maangamizi ya Wayahudi wa Polandi. Katika geto palikuwa na watu waliosikiliza kwa siri, na Ringelblum aliandika siku ile kwa furaha kubwa. Kikundi chake kilikuwa kimetimiza kazi yake, dunia imejua.

Nami nisemaye kwa njia ya redio siwezi kuipita tarehe hiyo upesi. Wale watu waliamini kwamba neno likitangazwa, mkono utanyoshwa. Wazee wetu walikuwa wakati uleule katika vita hivyohivyo. Waliipigania Abyssinia mwaka 1941, na baadaye walipelekwa Burma. Vita vile viligusa kila bara, wala haiwezi kusemwa kwamba dunia ilikuwa imelala. Lakini tangazo lilisikika, na siku 26 baadaye treni zikaanza kuondoka Warsaw.

Ilikuwa tarehe 22 Julai 1942. Kila siku maelfu ya watu walikusanywa katika uwanja ulio kando ya reli, wakafungiwa katika mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Treblinka, safari isiyofika kilomita 100. Huko hapakuwa na kazi wala kambi ya kuishi, ila vyumba vya gesi. Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi, aliyeamriwa kutia sahihi na kuwatoa watu wake, alijiua kwa sumu siku ya pili. Tangazo lilibandikwa kwamba atakayejitokeza mwenyewe atapewa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jemu. Wako waliojitokeza. Usiwahukumu, ewe ndugu. Mtu ambaye hajala mkate mzima kwa miaka miwili anaamini kwamba anayempa kilo 3 za mkate hakusudii kumwua kesho. Kwa muda usiotimia miezi miwili watu wapata 265,000 walipelekwa.

Katika siku hizo, tarehe 2 na 3 Agosti, mwalimu Israel Lichtensztajn aliteremka chini ya shule ya Nowolipki pamoja na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, David Graber wa miaka 19 na Nahum Grzywacz wa miaka 18. Walifukia masanduku 10 ya bati. Kabla ya kuyafunika, kila mmoja alitia wasia wake. Graber alisema hawakuomba shukrani, wala hawakutazamia kuishi. Alitamani tu awepo siku hazina hiyo itakapochimbuliwa, aseme kweli kwa sauti kuu. Grzywacz alikatisha maandishi yake kwa kuwa alisikia mtaa wa wazazi wake umezingirwa. Aliandika kwamba anakimbia kuwatazama, na akaomba jina lake likumbukwe. Mikebe miwili ya maziwa ilizikwa chini ya shule hiyohiyo mwezi wa Februari 1943.

Yeremia alikuwa na ahadi. Aliambiwa kwamba siku moja watu watarudi katika nchi ile na kununua mashamba kama zamani, na ndiyo maana hati yake ilikuwa na faida. Hawa watatu hawakuambiwa lolote. Walifukia, basi.

Mwaka 1943, tarehe 19 Aprili, askari walipoingia kumaliza waliobaki, vijana wa geto waliwapiga kwa bastola chache na mabomu ya chupa. Mapigano hayo na msako wake viliendelea hata tarehe 16 Mei, nyumba zikichomwa moja moja. Ringelblum alikamatwa akapelekwa kambi ya Trawniki, na huko akatoroshwa na mfanyakazi wa reli Mpolandi pamoja na mwanamke Myahudi. Alifichwa na mkewe na mwana wao katika shimo chini ya nyumba ya vioo ya kuotesha miche, bustanini mwa Mpolandi aitwaye Mieczysław Wolski. Humo walikaa watu zaidi ya 30, na humo, katika joto na hewa nzito, Ringelblum aliandika kitabu kizima. Tarehe 7 Machi 1944 mahali pale palifichuliwa. Mmoja aliyekuwa gerezani wakati huo alisimulia kwamba wafungwa wenzake walipata njia ya kumficha Ringelblum miongoni mwa mafundi. Yeye aliuliza, na mke wangu je, na mtoto? Alipoona jibu, alikataa. Waliuawa wote kwa risasi katika magofu ya geto, na Wolski pamoja nao.

Vita vilipokwisha, kati ya wale 60 walisalia 3 tu: Rachel Auerbach, Hersz Wasser na Bluma. Sehemu ile ya mji haikuwa na barabara tena, ilikuwa bahari ya matofali. Auerbach hakuacha kuwasumbua watu, akisema chini ya kifusi kuna hazina. Wasser alikuwa peke yake ajuaye mahali. Wahandisi walipima kwa ramani za zamani, wakachimba njia kwenda chini, na tarehe 18 Septemba 1946 wakayafikia masanduku 10. Maji yalikuwa yameingia. Karatasi zilikuwa zimegandamana na kuota ukungu, picha zimefifia, na kazi ya kuzitenganisha ilihitaji uvumilivu wa miaka. Ile mikebe ya maziwa, kwa kuwa ilifunga vizuri, ilihifadhi mali yake zaidi. Zote pamoja ni kurasa zipatazo 35,000, nazo zimetunzwa Warsaw hata leo. Mwaka 1999 Unesco ilizitia katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Sehemu ya tatu, inayosemekana ilizikwa karibu na barabara ya Świętojerska, imetafutwa wala haijaonekana.

Nimebakiza wasia wa mwalimu Lichtensztajn. Naye hakuomba shukrani wala sanamu. Aliomba mkewe, Gele Sekstein, mchoraji, akumbukwe, na michoro yake iliyokuwa katika masanduku yale ilipatikana kweli. Kisha akaandika habari za binti yao, kama baba yeyote ajisifuvyo kwa mtoto wake mbele ya wageni: kwamba alianza kusema akiwa na miezi 9, na sasa anaisema lugha ya kwao vizuri, bila kosa. Alitaka naye akumbukwe. Jina lake Margalit. Siku baba yake alipoliandika alikuwa na miezi 20.